Vicheko vya Mfululizo: Historia ya Sauti Zinazofika Kirotshe

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese kwenye misitu ya Walikale, mashariki ya Kongo, mtambaji wa Kinyanga aitwaye Shé-Kárisi Rureke alikubali kufanya jambo ambalo halikuwa desturi ya watambaji wenzake: kuisimulia hadithi ya Mwindo yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida mtambaji alichagua tukio moja, akaliimba na kulicheza mbele ya watu, nao wakarudi makwao wakingoja tukio jingine siku nyingine. Rureke alisimulia kwa siku 12. Aliimba, alicheza, aliiga sauti za wahusika wote. Koo likamkauka naye akaendelea. Vijana walikaa kando yake wakigonga fimbo kushika mdundo, hadhira ikaitikia, ikamsifu na kumtunza. Watu walicheka Mwindo, mtoto aliyezaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, alipokuwa akimtambia baba aliyemtupa mtoni ndani ya ngoma. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck na kijana Mnyanga, Kahombo Mateene, waliyaandika maneno yale, na kitabu chao kikatoka mwaka 1969. Baadaye Mateene akawa mwanaisimu na kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Leo vijana wa Afrika Mashariki wanangoja kwa hamu sehemu mpya ya podikasti ya vichekesho au ya mazungumzo, na wengi huizungumzia kama desturi iliyoingia pamoja na simu. Ukiitazama kutoka Masisi na Walikale, sura inabadilika. Msimulizi mwenye kipaji, kisa kilichokatwa vipande, mwenzi wa kuitikia, na hadhira inayorudi tena na tena: yote manne yalikuwepo Bese kabla ya redio kufika huko. Kilichoendelea kubadilika ni chombo, na kila chombo kilikuja na mwenyewe. Tangu hapo historia ya vicheko na mazungumzo katika Kivu imekuwa pia historia ya swali moja zito: nani ana ruhusa ya kujibu?

Kirotshe ni mahali pazuri pa kuifuatilia historia hiyo. Iko ufukweni mwa Ziwa Kivu, upande wa magharibi, kwenye barabara inayotoka Goma, ikapita Sake, kisha ikashuka Minova na kuelekea Bukavu. Mbele yake ni maji, nyuma yake milima ya Masisi. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka: mlima huyazuia, ziwa huyaachia njia. Kwa hiyo aliye ufukweni anaweza kunasa vituo vya pande mbalimbali, hata vya ng'ambo nchini Rwanda, ilhali aliye bondeni nyuma ya milima anazungusha kitufe na kusikia mlio mtupu. Watu wa mabonde na misitu ya Walikale waliokolewa kwa miaka mingi na masafa mafupi, ambayo hupanda juu, yakagonga tabaka la anga na kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka kwenye mtambo.

Kuna pia jambo la lugha. Katika eneo hili husikika Kihunde, Kihavu, Kitembo na Kinyarwanda, na kwenye misitu ya magharibi Kinyanga. Sokoni, barabarani, na kwenye foleni ya hospitali kuu ya rufaa ya Kirotshe, watu hukutana katika Kiswahili. Mchekeshaji anayetaka kuwachekesha wote kwa pamoja hana lugha nyingine ya kushika. Mzaha wa Kihunde hubaki nyumbani kwa Wahunde. Wa Kiswahili huvuka ua, na mara nyingine huvuka mpaka wa nchi.

Redio ya wakoloni ilianza kama chombo cha kusema bila kujibiwa. Redio ya Kongo ya Ubelgiji ilianza kurusha matangazo kutoka Léopoldville mwaka 1940, na vipindi maalumu kwa ajili ya Waafrika vikaanza mwaka 1949. Vipaza sauti vilitundikwa kwenye viwanja vya mitaa ya Waafrika, watu wakakusanyika chini yake kusikiliza habari, muziki na mawaidha. Serikali ilichagua lugha, saa na jambo la kusemwa. Mashariki, redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na Juni 1957 Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikafuata kutoka London. Kwa msikilizaji wa Kivu mwenye redio ya betri, masafa mafupi yalifungua dirisha: Kiswahili cha mbali, kilichonyooshwa kuliko chake, kiliingia nyumbani kila jioni.

Lakini kicheko kilipata mlango wake, nao ulifunguliwa kusini, katika miji ya shaba ya Katanga. Huko Odilon Kyembe Kaswili, ambaye umma wote ulimjua kwa jina la Mufwankolo, aliongoza kundi la wachekeshaji lililotumia Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha migodini na mitaani, kwenye redio na baadaye kwenye televisheni. Kundi hili halikuandika maneno ya kusema. Walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, wakajadiliana kuhusu mwelekeo, kisha kila mmoja akatoa maneno yake papo hapo mbele ya kipaza sauti. Walichekesha juu ya mume mlevi, mke mwerevu, jirani mwongo, bosi mlafi, na msikilizaji alijiona humo.

Tunajua kwa undani jinsi walivyofanya kazi kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986. Alikuwa amesikia msemo kuhusu madaraka, kwamba huliwa mazima bila kugawanywa, akawauliza maana yake. Badala ya kumpa jibu la mdomo, walitunga mchezo. Fabian alifuata majadiliano, mazoezi na onyesho lenyewe lililochezwa kwa ajili ya televisheni, na mwaka 1990 akalitolea kitabu. Inafaa kuikumbuka tarehe: 1986 ilikuwa Zaire ya Mobutu, chama kimoja, redio ya dola peke yake. Hakuna mwanahabari ambaye angeweza kukaa studio na kujadili ulafi wa madaraka. Wachekeshaji waliweza, kwa kumweka chifu wa kubuni katika kijiji cha kubuni na kuwaachia watazamaji kazi iliyobaki.

Upande wa pili wa maziwa, sanaa hiyo ilikuwa ikijengwa kwa umbo jembamba zaidi. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wasikilizaji Pwagu na Pwaguzi, wawili ambao ujanja wao ulikuwa ukiwarudia wenyewe. Kenya ilikuwa na Mzee Pembe, kisha kwenye runinga Vitimbi na Vioja Mahakamani. Benson Wanjau, aliyependwa kama Mzee Ojwang' na kuaga dunia Julai 2015, aliingia katika nyumba za watu wengi wasiojua jina lake la kuzaliwa. Watu wawili ndio kipimo kinachotosha redio. Masikio hayachanganyikiwi: sauti moja nzito, nyingine nyembamba, mmoja anapanga, mwenzake anaharibu, mmoja anauliza, mwenzake anajibu jambo lisiloulizwa. Podikasti nyingi za leo zinazotengenezwa na marafiki wawili mbele ya vipaza sauti viwili zimesimama juu ya msingi huohuo, hata kama waanzilishi wake hawakuwahi kumsikia Pwagu.

Aprili 24, 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Vyama vya kiraia vya Kivu vilikuwa tayari na mawazo yao, na mwaka 1993 vilianzisha Redio Maendeleo mjini Bukavu. Hii ilikuwa hatua kubwa kuliko udogo wa mtambo wake. Kwa mara ya kwanza kituo cha Kivu kilikuwa cha wananchi wenyewe, na wananchi hao hawakukaa kimya nyumbani. Waliunda vilabu vya wasikilizaji vijijini: watu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili, kisha mawazo yao yakapelekwa studio. Swali la nani ajibu lilianza kupata jibu.

Mwaka uleule wa 1993 ulileta sura nyingine ya mambo. Mwezi Machi, watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na mapigano ya kikabila yakaenea hadi Masisi. Maelfu walikufa na wengi zaidi wakakimbia. Mwezi Julai, ng'ambo ya ziwa, kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo yake mjini Kigali. Wengi hudhani kituo kile kilihutubia kwa ukali tangu siku ya kwanza. Kumbe kilipendwa kwanza kwa sababu kilikuwa cha kufurahisha. Redio ya taifa ilisoma taarifa kwa sauti ya ofisi. RTLM ilipiga muziki wa kisasa, watangazaji wake walitaniana, walisimulia vichekesho, waliwapa watu wa mitaani nafasi ya kusema. Chuki iliingia ikiwa imevaa nguo za utani. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, sauti zilezile zilizokuwa zikichekesha ziliongoza wauaji, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa kituo hicho pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura.

Jambo hili haliwezi kurukwa na yeyote anayeandika kuhusu mazungumzo na vichekesho katika eneo la Maziwa Makuu. Mazungumzo ya kirafiki na mzaha mtamu ni nguvu. Hayana mwelekeo mwema wa kuzaliwa nao. Kivu ilijifunza hilo kwa gharama kubwa, kwa kuwa zaidi ya milioni moja ya wakimbizi walivuka na kuingia Goma na Bukavu katika majira yale, wakiwemo wauaji na waliokuwa wakiwasikiliza. Agosti 1994, waandishi wa Uswisi walifungua Bukavu kituo kiitwacho Agatashya, kilichojaribu kuwapa wakimbizi habari zisizo na sumu. Kilidumu hadi vita vya 1996. Kutokana na kazi hiyo ndipo lilipozaliwa shirika la Fondation Hirondelle, ambalo Kongo ingekutana nalo tena.

Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na waasi wa RCD wakaishika Kivu. Mwaka 1999 waliifunga Redio Maendeleo. Kituo ambacho wanavijiji walikuwa wamezoea kukijibu kilinyamazishwa, na kwa wenye redio za betri yakabaki matangazo ya mbali na matangazo ya wenye bunduki.

Februari 25, 2002, siku ileile Wakongo walipofungua mazungumzo yao ya amani Sun City, Afrika Kusini, Redio Okapi ilianza kusikika. Iliundwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, ikitumia Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Nchi ilikuwa imekatwa vipande na majeshi. Sauti moja sasa ilipita juu ya mistari ya vita. Mtu wa Masisi aliweza kumsikia mtu wa Kinshasa akilalamika juu ya bei ya chakula na kugundua kwamba wanalia kilio kimoja. Mijadala na simu za wasikilizaji vilikuwa mhimili wa kituo hicho tangu mwanzo.

Bei ililipwa na waliosema. Juni 2007, mwanahabari wa Okapi Serge Maheshe alipigwa risasi na kufa mjini Bukavu. Novemba 2008, mwenzake Didace Namujimbo akauawa katika mji huohuo. Redio za jamii zilizochipuka kwenye miji midogo ya Kivu katika miaka ile zilifanya kazi zikijua habari hizo. Katika kituo kidogo kila mtu anaijua nyumba ya mtangazaji.

Hapo ndipo mchezo wa redio wa mfululizo ulipopata thamani ya pekee. Mtangazaji wa habari hutaja majina. Mchezo hubuni majina. Historia ya ufundi huo ni ndefu na imezunguka dunia. Uingereza, BBC ilianza mwaka 1951 kurusha The Archers kote nchini, simulizi la familia ya wakulima lililokusudiwa kuwafundisha wakulima mbinu za kuzalisha chakula zaidi baada ya vita. Mexico, katika miaka ya 1970, mtayarishaji Miguel Sabido alitengeneza kanuni yake: mhusika mwema, mhusika mbaya, na wa tatu anayeyumba katikati, ambaye msikilizaji humfuata kwa sababu anafanana naye. Mwaka 1993 kanuni hiyo ilifika Redio Tanzania katika mchezo wa Twende na Wakati, ambamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alikuwa gumzo la nchi nzima huku mchezo ukifundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Dodoma iliachwa kwanza bila mchezo huo ili watafiti walinganishe. Burundi, Studio Ijambo iliyoanzishwa 1995 ilimpa mwandishi Marie-Louise Sibazuri nafasi ya kuandika maisha ya majirani wa makabila mawili, mamia ya sehemu, wakati vita vikiendelea nje ya dirisha.

Rwanda, mwaka 2004, shirika la La Benevolencija lilianza Musekeweya, kisa cha vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana. Mtaalamu wa saikolojia Elizabeth Levy Paluck aliyafuatilia makundi yaliyousikiliza mchezo huo kwa mwaka mmoja, akiyalinganisha na makundi yaliyosikiliza mchezo wa afya. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyofikiri wenzao wanaamini nini, na walivyotenda. Siku ya mwisho kila kundi lilipewa kinasa-sauti na kaseti za kugawana. Makundi ya mchezo wa afya yalielekea kumwachia kiongozi wa mtaa avitunze. Makundi ya Musekeweya yalijadiliana na kuelekea kuvisimamia kwa pamoja. Kwa nchi ambayo amri ya mkubwa ilikuwa imewapeleka watu kuua, hilo si jambo dogo.

Kisha mchezo ukavuka mpaka. Kumbuka Kesho, mchezo wa Kiswahili wa shirika hilohilo, ulirushwa mashariki ya Kongo, na Paluck akaja na swali jipya, ambalo kila mtengenezaji wa podikasti ya mazungumzo angepaswa kulijua. Kwa mwaka mmoja mchezo ulisikika katika maeneo kadhaa. Katika baadhi yake, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, mchezo ulifuatwa na kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji waujadili wao kwa wao. Kila mtu angetarajia kwamba maeneo yenye kipindi cha ziada yangeibuka na upole zaidi. Matokeo, yaliyochapishwa 2010, yalikuwa kinyume. Watu walijadili zaidi, ndiyo. Lakini walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi madhila waliyotendewa, na walipopewa chumvi na kuulizwa kama wangeitoa kwa watu wa jamii wasiyoipenda, walikuwa wagumu zaidi kutoa kuliko wale waliosikiliza mchezo peke yake.

Utafiti huu haupaswi kusomwa kama hukumu dhidi ya mazungumzo. Unasema jambo mahususi zaidi. Mchezo ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu, kila mhusika akipewa sababu zake, kila kosa likipewa historia. Mazungumzo yaliyofuata yaliwaachia watu wenye majeraha mapya uwanja usio na mwongozo wa kutosha, na walioanza kusema walisema yale yaliyokuwa juu kifuani: tuliibiwa ng'ombe, tulinyang'anywa shamba, mdogo wangu hakurudi. Masisi ina orodha ndefu ya mambo kama hayo, inayoanzia angalau miaka ya 1937 hadi 1955, Wabelgiji walipowaleta maelfu ya watu kutoka Rwanda kufanya kazi kwenye mashamba ya milimani, na suala la nani mwenye ardhi likabaki bila ufumbuzi. Ukifungua kipaza sauti mbele ya orodha hiyo, umefungua jeraha. Kinachohitajika ni mtu anayejua jinsi ya kulisafisha.

Ujuzi huo upo Kivu, na wanawake wameuonyesha vizuri. Chama cha wanahabari wanawake wa Kivu Kusini, AFEM, kilichoanzishwa mwaka 2003 na kuongozwa na Chouchou Namegabe, kiliwapa wanawake waliobakwa vitani nafasi ya kusimulia kwa sauti zao. Chama kilijenga vilabu vya wanawake wasikilizaji vijijini, ili ushuhuda usikike mbele ya watu waliojiandaa kuupokea. Mwaka 2009 Namegabe alizungumza mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya kimataifa ya uandishi wa habari ya Knight. Kazi ya AFEM haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Hata hivyo iliwafundisha watangazaji wa Kivu kanuni ambayo mchekeshaji pia anaihitaji: kabla hujawasha kinasa-sauti, mjue atakayesikiliza na atakachofanya na alichosikia.

Podikasti yenyewe ilizaliwa mbali na haya yote. Kifaa cha Apple cha kubebea muziki kilitoka mwaka 2001. Februari 2004 mwandishi Ben Hammersley wa gazeti la Guardian akatumia jina la podikasti kwa vipindi vya sauti vinavyopakuliwa. Juni 2005 Apple ikaviingiza katika programu yake ya iTunes. Vichekesho vilikuwa mbele tangu mwanzo: Desemba 2005 mchekeshaji Mwingereza Ricky Gervais alianza kuzungumza na rafiki zake wawili kwa njia hiyo, na mazungumzo yale yasiyo na mpango yakavuta wasikilizaji wengi duniani. Nairobi na Dar es Salaam zilikuja kuitwaa desturi hiyo katika muongo uliofuata, kwa Kiswahili na Sheng, marafiki wakikaa kuzungumzia mapenzi, pesa na siasa. Iko Nini ya Mwafreeka nchini Kenya ni mfano mmoja, na Salama Jabir wa Tanzania aliyatoa mahojiano yake kwenye runinga na kuyaleta mtandaoni, ambako mtu anaweza kusema kwa saa nzima bila kukatwa na matangazo.

Kufika Kirotshe ni safari nyingine. Mega za intaneti ni ghali kwa mtu anayelima muhogo au kubeba mizigo, umeme ni wa kubahatisha, na simu huchajiwa kwa malipo kwa mwenye sola au jenereta. Kwa hiyo faili la sauti husafiri kwa njia zake. Mmoja hupakua akiwa mjini. Wengine hunakili kwenye memori kadi, kwa kebo au kwa Bluetooth. Vichekesho vya Kitanzania vya King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, vilienea hivyohivyo kabla ya simu janja, kwanza kwenye diski, kisha kwenye kadi. Tangu Agosti 2013, WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti, hata asiye na studio aliweza kurekodi kichekesho cha dakika mbili na kukituma kwa kundi la ukoo, nalo likakipeleka kwingine. Aliyekipokea hujibu kwa sauti yake. Kwa jambo hili moja, simu ya mkononi imerudisha kitu ambacho kipaza sauti cha mwaka 1949 kilikuwa kimekiondoa.

Thamani ya njia hizi ilionekana wazi Januari 2025. Waasi wa M23 waliingia Minova tarehe 21, Sake siku mbili baadaye, Goma tarehe 27. Barabara inayopita Kirotshe ilijaa watu na magodoro, na redio kadhaa za jamii katika Kivu Kaskazini zilifungwa, ziliporwa au zilinyamaza kwa hofu. Mtambo wa redio ni mzigo wa chuma: unaonekana, una mlango, una mwenyewe wa kuitwa ofisini. Faili lililo kwenye kadi ndogo kuliko ukucha halina mlango. Kufunga kituo hakulifuti.

Kwa hiyo mashariki ya Kongo ina kila sababu ya kuwa na podikasti zake za Kiswahili, zilizotengenezwa na watu wa Masisi na Walikale kwa masikio ya Masisi na Walikale, badala ya kungoja vicheko vinavyotoka Nairobi peke yake. Kazi iliyotangulia imeshaonyesha namna ya kuanza. Kundi la Mufwankolo lilionyesha kwamba kisa kilichokubaliwa na maneno ya papo hapo vinaweza kubeba hoja nzito katika mazingira magumu. Kumbuka Kesho ilionyesha kwamba mjadala unaofuata hadithi bila mwongozo wa kutosha unaweza kufungua majeraha. Vilabu vya wasikilizaji vilionyesha kwamba watu wa vijijini wana majibu, wakipewa njia ya kuyafikisha. Zaidi ya hapo, faili hutunzika: kipindi cha redio kisichorekodiwa hupotea kikishasemwa, ilhali sehemu iliyonakiliwa kwenye kadi mia moja inaweza kusikilizwa na mtoto ambaye hajazaliwa leo.

Linalobaki ni usalama wa msemaji. Mhusika wa kubuni humfunika mwandishi, lakini sauti ya binadamu haifichiki, na katika Kivu sauti inayochekesha watu wengi itatambuliwa haraka na wale wasiopenda kuchekwa. Septemba 2024, Edmond Bahati, aliyekuwa akiratibu Redio Maria mjini Goma, aliuawa kwa risasi. Mashirika yanayofadhili mafunzo, vinasa-sauti na mitandao ya vijana wa Kivu yanapaswa kuweka katika hesabu zao, kabla ya sehemu ya kwanza kutoka, gharama ya wakili, ya mahali pa kujificha, na ya nauli ya kumtoa mtu Kirotshe usiku endapo atatafutwa.